FULU SI CHAMBO TU

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Leo kalamu yangu haitagusa dawa za kulevya wala mapenzi ya shuleni, kwani hayo yameandikwa humu hadi karatasi zikachoka. Nataka tuzungumze kuhusu samaki mdogo ambaye watu wengi hapa Kisumu humwona bure kabisa. Huyo ni fulu.

Ukienda ufuoni Dunga utasikia sifa za mbuta na ngege. Mbuta ana bei, ngege ana ladha, hata omena ana heshima yake kwa kuwa ndiye mboga ya mwisho wa mwezi. Fulu je? Hutiwa kwenye ndoana awe chambo cha mbuta. Wenzangu darasani waliposikia kwamba ninafuga fulu nyumbani katika tangi la kioo, waliangua kicheko. "Ati unafuga chambo? Si ufuge kuku angalau ule mayai!" Nami nawajibu hivi: fulu anastahili kufugwa, tena afugwe na sisi tuliozaliwa kando ya ziwa, na shule yetu ianze.

Sababu ya kwanza ni kwamba fulu wanatutoka tukitazama. Wataalamu hukadiria kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki hawa, ambao ndugu zetu Watanzania huwaita furu. Wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mbuta hakuwa mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezaana kupita kiasi, akawala fulu kana kwamba ameandaliwa karamu. Uchafu kutoka mijini na mashambani nao ukayatia maji giza. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilitoweka. Ni kweli kwamba baadhi wameanza kuonekana tena tangu mbuta apungue kwa kuvuliwa sana, na wengine wamejificha katika maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya. Lakini aliyekwisha kutoweka harudi kwa kuitwa.

Tangu miaka ya 1990, huko Ulaya na Marekani wako watu wanaozalisha fulu wa ziwa letu matangini ili wasiishe. Nawashukuru kwa dhati. Lakini je, mjukuu wangu akitaka kumwona samaki wa kwao, itabidi akate tikiti ya ndege? Ni aibu mwenye boma kumwachia mgeni alee wanawe, kisha yeye ajisifu ati ana boma.

Sababu ya pili ni masomo. Sisi wa Kidato cha Tatu tunafundishwa uzazi na ekolojia. Tunachora, tunakariri, tunatapika yote kwenye mtihani, halafu tunasahau. Mimi nimeyaona kwa macho yangu. Ninaowafuga ni wale wadogo wa vijito na vinamasi vya mafunjo, ambao kitaalamu huitwa Pseudocrenilabrus multicolor. Dume hafiki urefu wa sentimita 10. Huchimba kishimo mchangani, akajipamba rangi na kumchezea jike. Jike hutaga, na kabla hujapepesa macho ameshageuka na kuyaokota mayai kwa mdomo. Kwenye ncha ya pezi la chini la dume pana doa la rangi ya chungwa. Jike hulidonoa doa hilo, na hapo hupokea mbegu za kuyarutubisha mayai mle mle mdomoni.

Kisha kazi huanza. Kwa muda wa wiki mbili hivi mama huyo hali. Nikinyunyiza unga wa omena, wenzake wanagombania, yeye anautazama tu, kidevu kimemvimba kama mtu mwenye jino bovu. Vitoto vikishatoka huogelea karibu naye, na ukipitisha mkono juu ya maji vyote hurudi mbio mdomoni. Mara ya mwisho nilihesabu vitoto 31. Baba yao hasaidii hata chembe. Kazi yake ni kumsumbua mama, ndiyo maana nimeweka mawe na vigae vya chungu ili apate pa kujificha. Wavulana wa shule hii, hapo someni!

Najua mtauliza, pesa zitatoka wapi? Tangi langu lilitengenezwa na fundi wa vioo wa mtaani. Lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30, yaani lita 54. Joto la Kisumu linatosha, hakuna haja ya kupasha maji. Maji ya mfereji nayaacha kwenye ndoo siku moja au mbili ili klorini itoke, na kila wiki nabadilisha robo yake. Chakula ni unga wa omena na viluwiluwi vya mbu. Kuna pampu ndogo ya hewa, na stima ikipotea hawafi upesi, kwa sababu huko kinamasini wamezoea oksijeni haba.

Mwingine atasema, "Watu wana njaa, nawe watuletea samaki wa kutazamwa?" Hilo ni swali la haki. Mbuta amesomesha watoto wengi, pengine hata wewe unayesoma makala haya. Sisemi aangamizwe. Lakini ziwa linalotegemea samaki mmoja ni kama duka lenye bidhaa moja: ikikosekana, mlango unafungwa. Wapo fulu wanaokula mwani, wapo wanaokula wadudu, wapo hata wanaovunja konokono, wakiwemo wale wanaoeneza kichocho. Kila mmoja ana kazi yake majini.

Hata hivyo, kufuga kuna masharti. Weka aina moja tu katika tangi, kwani jike humtambua dume wa kwao kwa rangi, na ukichanganya aina huenda ukapata machotara. Usivue wengi, dume mmoja na majike watatu wanatosha. Tena usimwage samaki wa tangi ziwani hata kidogo. Waliomleta mbuta pia walidhani wanafanya wema.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Ombi langu kwa walimu ni tangi moja tu pale maabara, na kando yake daftari la Kiswahili ambamo tutaandika tarehe ya kila jike kubeba mayai, siku alizokaa bila kula, na idadi ya vitoto. Chama cha Sayansi kitunze samaki, Chama cha Kiswahili kitunze daftari. Samaki wa kuanzia nitawaleta mimi.