SI KILA KIFO CHA MAPEMA NI LAANA YA UKOO



Ndugu mmoja wa miaka 43 alinifuata baada ya ibada: "Mchungaji, niombee nivuke hamsini. Kwetu wanaume hawavuki. Ni laana." Ameniruhusu nisimulie.

Nikamuuliza kuhusu babu yake. Alifika themanini. Na baba na baba wadogo? Wote walizikwa kati ya 1994 na 2003.

Laana gani hiyo iliyomruka babu?

Tukumbuke. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka wa 1984. Mwaka wa 1999 Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa. Ilipofika 2006 ndipo serikali ikaondoa malipo ya ARV katika hospitali zake. Katikati hapo tulipoteza watu wa miaka thelathini na arobaini, wakongwe wakazika watoto wao na kubaki kulea wajukuu. Sisi tuliokulia hapa kisiwani, Majengo, Tudor hadi Mji wa Kale, tunayajua mazishi ya siku zile. Nilikuwa kijana wa kwaya, nikaimba makaburini Mbaraki, na kila mara tulitangaziwa, "Aliugua kwa muda mfupi." Basi.

Sikumuuliza ndugu yangu wazee wake waliugua nini. Nilimuuliza amepima presha lini. Hajawahi! Jumatatu tukaenda pamoja. Ilikuwa juu sana.

Mpendwa, ningeweza kukemea laana mpaka asubuhi, naye aanguke na kiharusi mlangoni pa kanisa.

Soma 2 Wafalme 20. Hezekia alilia, Mungu akamwongezea miaka 15. Lakini Isaya aliagiza pia tini ziwekwe kwenye jipu. Nabii hakuona aibu kutumia dawa. Wewe unaona aibu ya nini?

Wengi wa kizazi kile walikufa dawa haijawafikia. Wewe usife dawa ikiwa karibu, kwa sababu ya kunyamaza. Na kama unameza ARV, usiache eti umeombewa. Anayekwambia utupe dawa hatakulelea watoto.

Jumapili hii tutapima presha na sukari hapo nje ya kanisa. Wababa, njooni kama mnavyokuja kuombewa. Mimi nitapimwa wa kwanza.

Tutaomba, na tutapima. Kama umekubali, sema AMINA, kisha mtumie baba yako ujumbe huu.