Teknolojia ya chakula shuleni: Sumukuvu haisubiri mtihani

Na Mwandishi Wetu

KATI ya Juni na Novemba mwaka 2016, watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ugonjwa ambao mwanzoni haukufahamika. Wagonjwa walitapika, matumbo yalivimba na macho yakageuka manjano. Watu 20 kati yao walifariki dunia.

Uchunguzi ulibaini kuwa chanzo hakikuwa kirusi wala maji machafu. Kilikuwa mahindi, chakula kilichopikwa kila siku katika kaya hizo. Mahindi hayo yalikuwa na kiwango kikubwa cha sumukuvu, sumu inayotengenezwa na aina ya kuvu inayoota kwenye nafaka na karanga ambazo hazikukaushwa au kuhifadhiwa ipasavyo.

Maafa hayo hayakuwa ya kwanza katika ukanda huu. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika wilaya za mashariki ya nchi hiyo zikiwamo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sababu hiyo hiyo na 125 wakapoteza maisha.

Kinachosikitisha ni kwamba kinga ya janga la aina hii haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji kuvuna kwa wakati, kukausha juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kuchambua punje mbovu na kuhifadhi mahali pakavu penye hewa. Hayo ndiyo mambo ya kwanza kabisa katika teknolojia ya chakula.

Swali la kujiuliza ni je, kijana anayemaliza shule leo anayajua mambo hayo kwa mikono yake, au anayajua kwa ajili ya mtihani tu?

Yamo daftarini, hayamo mikononi

Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini anaweza kutaja bila kusita vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Akifika sekondari, anajifunza kuhusu kuvu katika Baiolojia, asidi katika Kemia na kilimo cha mahindi katika Jiografia.

Hata hivyo, vipande hivyo hukaa kila kimoja kwenye daftari lake. Ni nadra kwa mwanafunzi kuonyeshwa kuwa kuvu aliyemchora katika Baiolojia ndiye anayeweza kuota kwenye gunia la mahindi lililo stoo ya shule yake.

Somo la Chakula na Lishe lipo katika ngazi ya sekondari, lakini ni la hiari. Linahitaji jiko la mafunzo, vifaa na mwalimu aliyesomea fani hiyo, vitu ambavyo si kila shule inavyo. Matokeo yake, maarifa yanayomhusu kila mlaji yamebaki kuwa ya wachache.

Zipo pia dhana potofu ambazo elimu ya darasani haijaziondoa. Wengi huamini kuwa chakula kikichemshwa sana, kila kilicho kibaya ndani yake hufa. Imani hiyo ina ukweli kwa vijidudu vingi, lakini si kwa sumukuvu. Kuvu mwenyewe hufa jikoni, ila sumu aliyokwisha kuiacha haivunjwi na joto la maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Ugali ulioiva vizuri unaweza kuwa na sumu ile ile iliyokuwa kwenye punje.

Wengine huwapa ng'ombe na kuku mahindi yaliyoota ukungu, au huyapeleka kwenye pombe, wakidhani wameokoa hasara. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Hasara iliyokwepwa shambani hurudi mezani kwa mlango mwingine.

Maarifa yaliyopotea njiani

Si kweli kwamba teknolojia ya chakula ni jambo geni lililoletwa na vitabu. Bibi aliyeloweka mihogo michungu, akaianika na kuitwanga, alikuwa akitoa sumu ya sianidi iliyomo ndani yake. Aliyeacha togwa ichachuke alikuwa akiwatumia bakteria kuongeza asidi, ambayo huzuia vijidudu vingi vya kuharisha visistawi.

Tatizo ni kwamba maarifa yanayopokewa bila sababu zake huachwa kwa urahisi pale shida inapobisha hodi. Wakati wa ukame wa mwaka 1985, wilayani Tarime mkoani Mara, kaya zilizokuwa na njaa zilifupisha hatua za kuandaa mihogo michungu. Baadhi ya watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa wa konzo, na ulemavu huo hauponi.

Ipo njia rahisi ya kupunguza hatari hiyo. Unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na sianidi ikatoka kama gesi. Kisha unga huo hupikwa siku hiyo hiyo. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hiyo. Akielezwa ni kwa nini gesi inatoka, hataiacha hatua hiyo hata akiwa na njaa.

Mjini nako si salama

Wakazi wa miji wanaweza kudhani kuwa suala hili ni la wakulima wa Chemba au Kiteto peke yao. Dhana hiyo haina msingi, kwa kuwa mahindi ya vijijini ndiyo unga wa mijini.

Mjadala wa dona na sembe ni mfano mzuri. Dona husifiwa kwa kubakiza virutubisho vya punje nzima, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo hutolewa wakati wa kukoboa. Hivyo dona ni bora pale tu mahindi yenyewe yalipokuwa salama kabla ya kufika mashineni.

Jambo hilo linagusa zaidi unga wa lishe wanaopewa watoto wadogo. Akina mama wengi huamini kuwa kadiri nafaka zinavyochanganywa kwa wingi, pamoja na karanga, ndivyo uji unavyokuwa bora. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na sumukuvu. Gunia moja bovu likisagwa pamoja na mazuri, punje mbovu haiwezi tena kuonekana wala kuchambuliwa.

Kula sumu hiyo kidogo kidogo kwa miaka mingi hakuleti homa ya ghafla. Huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na tafiti zimeihusisha na udumavu wa watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, lakini usalama wa uji ni mojawapo ya mambo yasiyopaswa kupuuzwa.

Upo pia upande wa biashara. Machi mwaka 2021, Kenya ilisitisha kwa muda uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa madai ya kuwa na sumu za kuvu. Siku chache baadaye iliruhusu tena biashara hiyo kwa masharti, likiwamo la cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Siku hizo chache zilitosha kuonyesha kuwa ukaushaji duni kijijini unaweza kufunga soko mpakani.

Chupa, chumvi na mtaala mpya

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024, imeweka mkazo katika ujuzi. Sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita.

Hatua hiyo inastahili pongezi, lakini ina hatari yake. Maarifa ya chakula yakiachwa kwa wanafunzi wa amali pekee, itaonekana kama kwamba ni wapishi na wasindikaji tu wanaohitaji kujua usalama wa chakula. Daktari, mwalimu na dereva nao hula, na nao watakuwa na watoto wa kuwaandalia uji.

Watakaopinga wana hoja. Madarasa yamejaa, walimu wa sayansi hawatoshi na maabara ni chache. Kuongeza somo jipya katika ratiba iliyoshiba kunaweza kuwa mzigo.

Hata hivyo, kinachohitajika si somo jipya wala maabara ya kisasa. Kipimo kimoja cha unyevu wa nafaka hutumia chupa kavu ya kioo na chumvi kavu. Punje hujazwa theluthi moja ya chupa, huongezwa vijiko viwili au vitatu vya chumvi, hutikiswa kwa dakika moja, kisha chupa huachwa kwa dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuingia gunia. Hata isipoganda, kuongeza muda wa kuanika ni busara, kwa kuwa kiwango salama cha kuhifadhia ni takriban asilimia 13.

Mahali pa kufanyia kipimo hicho papo. Shule nyingi hupokea mahindi na maharage kutoka kwa wazazi kwa ajili ya chakula cha mchana. Stoo hiyo inaweza kuwa maabara. Wanafunzi wakipima kila gunia linaloingia, wakachambua punje mbovu na kuhakikisha magunia yamewekwa juu ya chaga badala ya sakafu, watakuwa wamejifunza na kujikinga kwa wakati mmoja.

Ni dhahiri kuwa shule peke yake haiwezi kumaliza tatizo. Mkulima anayevuna wakati mvua inanyesha anahitaji turubai, kihenge au ghala, na mwenye njaa hachagui punje. Ndiyo maana mradi wa serikali wa kudhibiti sumukuvu, unaojulikana kama TANIPAC, ulihusisha ujenzi wa maghala. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, nalo lina wajibu wake sokoni.

Lakini ghala hujengwa sehemu moja na mkaguzi hafiki kila jiko. Mwanafunzi hurudi nyumbani kila jioni. Akifika na chupa yake ya chumvi mkononi, gunia lililo nyuma ya mlango linaweza kupimwa kabla halijapelekwa mashineni.

Waliofariki mwaka 2016 hawakukosa chakula. Kilichokosekana ni ujuzi wa kukikausha, kukichambua na kukitilia shaka kabla ya kukipika. Ujuzi huo hauzidi uwezo wa mtoto wa shule ya msingi, na vifaa vyake vinapatikana katika duka la mtaani.