Mwacha Asili ni Mtumwa? Asili Ipi?

Kila taarabu ikitiwa kitu kigeni, hakosekani mtu wa kututupia methali: mwacha asili ni mtumwa. Methali haina ubaya. Ubaya ni kwamba wanaoitumia hawataki kuulizwa swali jepesi: asili ipi hiyo? Leo nnawauliza, na sababu yangu ni albamu ya Siti Muharam, Siti of Unguja, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya London. Hapa Konde nimeisikia ikibezwa barazani, tena na watu ambao hawajasikiliza hata nyimbo mbili kamili. Eti hiyo si taarabu, ni makelele ya Wazungu.

Haya, tuanze na kilichomo. Siti Muharam ni kitukuu wa Siti binti Saad, na nyimbo zenyewe ni urithi wa bibi huyo. Udi na fidla zimo, na aliyeongoza muziki ni Mohamed Issa Matona, fundi asiyehitaji kutambulishwa Unguja. Kisha ikaongezwa besi nzito na sauti za mitambo. Mitambo hiyo haimfuniki mwimbaji. Inamwachia nafasi, na sauti yake inapopanda unasikia mpaka pumzi. Mimi sijui makelele yako wapi.

Sasa turudi kwenye asili. Taarabu ililetwa kasri la Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, kutoka Misri. Ikhwani Safaa walipoanzisha klabu yao mwaka 1905, ala na nyimbo zao zilikuwa za Kiarabu. Baadaye likaja akodiani. Mombasa wakachukua taishokoto, ala ya Kijapani, na Juma Bhalo akaimba Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Yote hayo mmeyaita ya kwetu. Kwa nini mlango ufungwe mwaka 2020, na nani kakupeni funguo?

Na mnajua mnamtajia nani utumwa? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika ukoo uliotoka utumwani. Aliichukua taarabu iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu kwa watu wa kasri, akaiimba Kiswahili kwa watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 akapanda meli hadi Bombay kurekodi santuri. Kwa kipimo chenu, huyo ndiye mharibifu wa kwanza. Lakini Shaaban Robert alimwandikia kitabu kizima cha wasifu, na leo nyinyi mnamtumia jina lake kumpigia kitukuu chake. Jamani!

Hebu tutoke kidogo nje ya bahari yetu. Kuna bendi ya Calexico, ya Tucson, Arizona, iliyojipa jina la mji wa mpakani na Mexico. Albamu yao Feast of Wire ya 2003 ina magitaa ya roki ya jangwani, nyimbo za kienyeji za Kimarekani na tarumbeta za mariachi, na wahakiki waliisifu mno. Ni albamu nzuri, sikatai, ukiisikiliza usiku utapenda. Mariachi yenyewe ni mchanganyiko: fidla na magitaa yalitoka Hispania, tarumbeta zikaingia karne ya 20. Basi vijana wa Arizona wakichanganya ni wabunifu, mwanamke wa Zanzibar akichanganya kapotea? Hapa hapa Pemba tunakimbilia mchezo wa ng'ombe, ambao wazee wetu wenyewe husema ni wa Wareno. Sijasikia mtu akimwambia ng'ombe arudi kwao.

Sisemi kila mchanganyiko ni mzuri. Kinanda kikipigwa mpaka maneno yasisikike, hapo mmeharibu, maana taarabu ni ushairi kwanza. Kipimo changu ni hicho: maneno yanatawala au hayatawali? Chukua "Kijiti", wimbo wa mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na sheria ikawageukia wanawake waliokuwa naye. Siti Muharam anauimba, na ule muziki mzito unaukaza wimbo. Kijana ambaye angeikimbia santuri yenye mikwaruzo anakaa, anasikiliza, anauliza: hivo kweli ilitokea? Muziki ukishamfanya mtu aulize hivo, umefanya kazi yake.

Kama mnataka kulaumu, ipo lawama ya haki. Rekodi ya urithi wetu inatoka kwa kampuni ya London, na inasikilizwa huko kabla ya kufika Konde. Lawama hiyo hailengi besi wala mitambo. Inatulenga sisi, tunaolinda asili kwa mdomo na hatugharimii hata kinasa sauti. Kibati chetu, watu wanajibizana papo kwa papo juu ya mdundo wa ngoma, kina kasi ya kumshinda kijana yeyote wa rapu. Msewe, wachezaji wakiwa wamefunga majani miguuni, una mdundo ambao mtayarishaji yeyote angeuonea wivu. Iko wapi albamu yake? Tunavitoa siku ya sherehe, wageni wanapiga picha, basi.

Nnataka kibati chenye besi. Nnataka Mpemba mwenye ujasiri wa Siti Muharam, na baraza isiyomwua kabla hajafungua mdomo. Anayepinga aisikilize albamu yote kwanza, wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho, kisha aje na hoja. Methali tumeshaisikia.