Mnunuzi Asiyeridhika

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba leo duka limo mkononi. Mama ana kigari alichokuwa akichezea mwanawe aliyekwisha kuwa mkubwa. Hukipiga picha, akaieneza kwa WhatsApp, na aliye Ijumbi hupeleka fedha kwa simu kabla hajakiona. Kuuza kilichokwisha kutumiwa si haramu, wala vitu vya kuchezea watoto si jambo la kudharauliwa. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Bwana Mtume S.A.W.

Shida huzuka kifurushi kifikapo kwa basi. Mnunuzi hukifungua, akaona gurudumu limefungwa kwa uzi, na upande huo haukuonyeshwa pichani. Hulalamika kwa ghadhabu, muuzaji naye hujibu, "Mali ikishauzwa hairudishwi." Je, neno hilo lamwondolea dhima?

Halimwondolei. Aliyeijua aibu ya mali yake akaificha, sharti lolote halimwokoi. Bwana Mtume S.A.W. alipotia mkono katika fungu la chakula sokoni akakuta umaji chini, alimwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akamkana mwenye kughushi. Picha ya upande mzuri peke yake ni kavu ya juu na maji ya chini.

Tena katika madhehebu yetu ya Kishafii, kauli yenye nguvu haisahihishi kuuza kitu kisichoonekana kwa wauzianao. Mahanafi wameruhusu, lakini humpa mnunuzi khiyari akionapo. Basi aliye mbali na amwakilishe jamaa yake wa mjini akitazame na kukinunua kwa niaba yake. Hata sheria ya nchi juu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, yataka kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake.

Mnunuzi naye ana wajibu. Akiona aibu ya tangu kwa muuzaji, aeleze mara moja, wala asiendelee kukitumia. Mtoto akikichezea wiki nzima baada ya aibu kujulikana, haki ya kurudisha imepotea. Na kikivunjika kipya mikononi mwake, asimtwike muuzaji.

Muuzaji akipata lalamiko, asijibu kwa hasira. Aombe picha ya aibu, aitazame kwa insafu. Ikiwa ni ya kwake, arudishe fedha na nauli ya kifurushi, au wapatane kupunguza bei. Hata pasipo aibu, mnunuzi akijuta tu, kumkubalia kurudisha ni sunna yenye thawabu kubwa.

Ndugu zangu, jambo hili si la shilingi tu. Zipo betri bapa kama kitufe ndani ya vitu hivi. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, huweza kumchoma vibaya kwa muda wa saa mbili. Kifuniko cha betri kilicholegea, kikifichwa, ni hatari iliyopelekwa nyumbani kwa Mwislamu mwenzio. Taja aibu kabla ya bei. Anayesema kweli hupata bei ndogo yenye baraka. Anayeficha hupata kubwa iliyofutwa baraka yake.

Mwenyezi Mungu azitakase chumo zetu. Amin.