Risasi ndogo yenye kasi: Sifa kwa mlengaji, hatari kwa jirani

KATIKA mtaa wa Dandora, ukuta mmoja mwembamba ndio mpaka kati ya kitanda cha mpangaji na barabara. Mradi wa makazi ulioanzishwa hapa katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia uligawa ploti zipatazo 6,000, na kila mwenye ploti akaachiwa jukumu la kujijengea vyumba. Leo nyingi za ploti hizo zimeota ghorofa, wapangaji wamesongamana, na penye mwanya pamezibwa kwa mabati.

Umbo hilo la mtaa ni jambo la kuzingatiwa kila mjadala kuhusu silaha unapozuka. Aghalabu mijadala hiyo huhusu bunduki: nani anayo, aliipata wapi na ana leseni gani. Ni nadra kwa yeyote kuuliza kuhusu risasi yenyewe. Ilhali bunduki ni chombo tu. Kinachosafiri, kutoboa na kuua ni risasi.

Swali hilo lina uzito sasa kwa sababu aina moja ya risasi za bastola imepata wapenzi wengi duniani katika miongo ya karibuni. Ni risasi yenye kichwa chembamba na chepesi, lakini inayokwenda kwa kasi kubwa. Mfano wake maarufu ni ile ya milimita 5.7 iliyobuniwa na kampuni ya FN ya Ubelgiji mnamo 1990 hivi. Mnamo 2021, muungano wa kijeshi wa NATO uliiidhinisha kuwa mojawapo ya risasi zake rasmi.

Ili kuielewa tofauti, mtu hana budi kuilinganisha na risasi ya milimita 9, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo ndiyo inayotumiwa na bastola za polisi wetu kama vile Ceska na Jericho. Kichwa chake kina uzito wa takriban gramu 8, nacho huondoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Ile ya milimita 5.7 ina gramu 2 tu, lakini ikifyatuliwa kwa bastola huweza kufikia mita 650 kwa sekunde.

Sifa zake si za kubuniwa. Kwanza, teke lake mkononi ni dogo, hivyo hata mtu asiye na mazoezi mengi huweza kurudia shabaha upesi. Pili, hairuki kwa kupinda sana, jambo linalorahisisha kulenga mbali. Tatu, kwa kuwa ni nyembamba, magazini ya bastola yake hubeba risasi 20, ilhali ya Ceska ya kawaida hubeba 15 au 16.

Sifa ya nne ndiyo iliyoizaa. Wanajeshi wa NATO walitaka silaha ndogo ya kujihami kwa madereva na wahudumu wa mizinga, itakayoweza kupenya fulana ya kukinga risasi. Risasi ya milimita 9 ilishindwa na kazi hiyo. Ile nyembamba, ikiwa na ncha ya chuma, iliiweza.

Hata hivyo, mtu akiyapima hayo yote katika mazingira ya Dandora, mizani inageuka. Ni nani avaaye fulana ya kukinga risasi katika mtaa huu? Si mama mboga wala kondakta wa matatu, na si kijana anayeokota chupa jaani. Anayeivaa ni afisa wa polisi. Kwa hivyo, sifa kuu ya risasi hiyo, pindi iangukapo katika mikono isiyofaa, ni tishio kwa afisa huyo huyo.

Mataifa mengine yamekwisha kuonja uchungu huo. Nchini Mexico, bastola inayotumia risasi hii ilipachikwa na magenge jina la 'muuaji wa polisi'. Nchini Marekani, mnamo Novemba 2009, mwanajeshi mmoja aliwaua watu 13 katika kambi ya Fort Hood, Texas, akitumia bastola ya aina hiyo aliyoinunua dukani kihalali. Yafaa isemwe kwamba risasi zenye ncha ya kupenya fulana huuziwa majeshi na polisi pekee, na zinazouziwa raia huko si kali kiasi hicho. Lakini waliouawa Fort Hood hawakuwa wamevaa fulana yoyote.

Kasoro ya pili ni ya kitaalamu. Risasi nyembamba isipopinduka mwilini huacha tundu dogo, na aliyepigwa anaweza kuendelea kupambana kwa muda. Somo hilo Marekani ililipata kwa damu mnamo Aprili 11, 1986, jijini Miami, ingawa risasi iliyohusika ilikuwa ya milimita 9 ya aina nyepesi. Risasi hiyo ilipita mkononi mwa mshukiwa, ikaingia kifuani na kukwama kabla ya kuufikia moyo. Mshukiwa aliendelea kufyatua, na maafisa wawili wa FBI wakauawa.

Baada ya mkasa huo FBI iliweka kipimo: risasi ya polisi iingie si chini ya sentimita 30, wala isizidi sana 45. Sehemu ya kwanza ya kipimo hicho ni kwa ajili ya usalama wa afisa. Ya pili ni kwa ajili ya yule aliyesimama nyuma ya mshukiwa.

Na huyo wa nyuma ndiye mkazi wa Dandora. Watetezi wa risasi nyepesi hudai kwamba hupoteza nguvu upesi ikigonga kizuizi cha kwanza. Kwa ukuta wa mawe hoja hiyo ina mashiko. Kwa mabati, na kwa mlango wa mbao, haina. Tena risasi iliyokosa shabaha haijapunguzwa nguvu na chochote, na magazini yenye risasi 20 ni nafasi 20 za kukosa.

Jiji la Nairobi halihitaji kufundishwa maana ya risasi iliyopotoka. Mnamo Machi 2020, wakati wa kafyu ya kudhibiti virusi vya corona, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, si mbali sana na Dandora, akafariki. Miaka mitatu kabla yake, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, msichana wa miaka 9 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani huko Mathare. Watoto hao hawakuwa walengwa. Walikuwa nyumbani.

Huenda msomaji akauliza: risasi ya milimita 5.7 inatuhusu nini, ikiwa silaha zinazonaswa mitaani ni Ceska kuukuu na bastola bandia? Jibu ni kwamba wazo la risasi ndogo ya kasi si geni katika kanda yetu. Muungano wa Kisovieti ulikuwa na yake tangu 1930, ile ya bastola ya Tokarev: milimita 7.62, gramu 5.5, na kasi ya zaidi ya mita 430 kwa sekunde. Inajulikana kwa kupenya baadhi ya fulana zinazoizuia ile ya milimita 9. Wasovieti waliipa Somalia silaha hadi 1977, kisha wakaigeukia Ethiopia; Uganda ya Idi Amin nayo ilipata mgao wake. Serikali ya Somalia ilipoporomoka mnamo 1991, maghala yalibaki bila mwenyewe, na mpaka wetu ni mrefu.

Hata hivyo, bastola bila risasi ni kipande cha chuma, na risasi ya kigeni ni adimu. Ile ya milimita 9 hutengenezwa papa hapa nchini, katika kiwanda cha Eldoret. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili: risasi inayotumiwa na serikali ndiyo huishia kutumiwa na mhalifu, kwa kuwa ndiyo inayopatikana.

Ushahidi upo. Mnamo 2008, shirika la utafiti la Small Arms Survey lenye makao yake Geneva lilichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Ilisema kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya, wafugaji wakipewa ili wajikinge dhidi ya wavamizi. Zilikuwa risasi za bunduki kubwa, si za bastola, na Turkana si Nairobi. Lakini funzo ni lile lile. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa mantiki hiyo, ughali na uhaba wa risasi ndogo za kasi, ambao mlengaji huuhesabu kuwa kasoro, kwa mkazi wa Dandora ni kinga. Siku kikosi chochote cha usalama kitakapozinunua kwa wingi, kinga hiyo itaanza kuvuja. Na zitakapovuja, zitamrudia afisa aliyevaa fulana akidhani iko salama.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mnamo 1990, zinayataja mambo mawili kwa pamoja. Zinataka serikali zipige marufuku silaha na risasi zenye kuleta hatari isiyo ya lazima. Pia zinataka kila afisa awajibikie silaha na risasi alizokabidhiwa. Sheria yetu ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 nayo inaagiza kwamba matumizi ya silaha yakisababisha kifo au jeraha baya, mamlaka ya IPOA iarifiwe.

Kwa hiyo, kabla ya kushawishiwa na sifa za risasi mpya, wakuu wa usalama wangeanza na daftari la zile walizo nazo: ngapi zilitoka ghalani, ngapi zilirudi, na kila iliyokosekana ilikwenda wapi. Bodi ya kutoa leseni za silaha nayo isiishie kukagua bastola ya raia, bali iulize pia ni risasi gani anataka kuitia. Mlengaji huchagua risasi kwa kutazama mbele yake. Anayeishi nyuma ya ukuta wa mabati hajawahi kuulizwa.