Mwalimu na Mtoto Aliyelazwa

Yafaa walimu wanafunzi wazingatie kwamba mtoto aliyelazwa hospitalini hajaacha kuwa mwanafunzi. Mkoani Mara, kama kwingineko katika Kanda ya Ziwa, selimundu si ugonjwa mgeni. Mtoto wa Bunda au Butiama hupelekwa Musoma, pengine hadi Bugando, Mwanza. Hurudi darasani, kisha maumivu humrudisha wodini. Daktari hutibu mwili. Hofu, upweke na wasiwasi wa kuachwa nyuma na wenzake vyahitaji mikono mingine pia: muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, mzazi, na mwalimu.

Nchini Uingereza, Kamati ya Platt ilipendekeza mwaka 1959 kwamba wazazi waruhusiwe kukaa na watoto wao wodini. Kwetu mama kulala na mwanawe mgonjwa ni desturi. Hapo hatuna la kuiga. Nafasi iliyo wazi ni ya mwalimu.

Twashauri mambo matatu. Kwanza, tusimtishe mtoto mtundu kwa sindano. Akiugua kesho, atamwona muuguzi kuwa adui. Pili, tumpelekee mgonjwa daftari, zoezi fupi na salamu za wenzake, kwa mkono wa mzazi. Tatu, arudipo tusimwite mvivu. Tumwache anywe maji na kupumzika, kwani kiu na uchovu huweza kuamsha maumivu.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii si yetu. Basi na watazame daftari la mahudhurio: maadamu jina la mtoto limo, yeye ni wetu.