Utetezi wa Mchoraji wa Mashamba

Wako watu, msomaji wangu, wasioweza kutazama picha ya mtu anayecheka bila ya kumshuku mchoraji wake. Kwao ukweli ni jeraha tu, na kila kisicho jeraha ni uongo uliopakwa rangi. Watu hao wamemshtaki kwa muda mrefu Fernando Amorsolo, mchoraji wa Ufilipino, nami nimekusudia kumtetea mbele yako.

Shtaka lenyewe ni hili. Mwaka 1949, vita vikiwa vimekwisha miaka minne tu, Amorsolo alichora wanavijiji wakipanda mpunga chini ya mlima Mayon. Wamevaa nguo za rangi za kupendeza na kofia pana za majani, jua limewaangaza, nyuma yao mlima unatoa moshi mwembamba, kama wa jiko la jioni. Hapana maiti, hapana ukuta uliobomoka, hapana yatima. Je, wauliza washtaki, nchi iliyotoka motoni juzi yaweza kuwa hivi? Wasema mtu huyu aliwauzia matajiri na wageni ndoto tamu.

Kabla hujakubali, sikiliza alikotoka. Tangu tarehe 3 Februari hadi 3 Machi 1945, majeshi ya Marekani na ya Japani yalipigania mji wa Manila nyumba kwa nyumba, na raia wapatao 100,000 wakapoteza maisha yao. Intramuros, mji wa kale uliojengwa na Wahispania, ukawa kifusi. Amorsolo hakuyasikia hayo kwa mbali. Alizaliwa Manila mwaka 1892, na wakati wa vita aliishi mumo humo, akichora aliyoyaona kutoka dirishani na juu ya paa. Alichora majengo yakiungua. Alichora magofu ya kanisa kuu. Mwaka 1945 alimchora mwanamume aliyesimama na panga mkononi, amemkinga mwanamke. Adui haonekani, ila kofia ya askari wa Kijapani imelala karibu na mguu wake. Itazame kofia ile, kisha uniambie kama mkono ulioichora ulikuwa wa mtu asiyejua vita. Picha zake za vita zilionyeshwa katika ikulu ya Malacañang mwaka 1948, yaani mwaka mmoja tu kabla ya ile ya mpunga. Washtaki hupenda kuisahau tarehe hii.

Tena fikiri ni kazi gani aliyoichagua. Hakuchora karamu. Alichora kupandikiza miche: mtu ameinama tangu asubuhi, miguu imezama matopeni, anachomeka mche baada ya mche kwa ajili ya chakula ambacho hatakiona ila baada ya miezi. Hakuna afanyaye kazi hiyo asiyetumaini kuwapo siku ya mavuno. Na ule mlima je? Mwaka 1814 Mayon ulilipuka, ukaufukia mji wa Cagsawa pamoja na watu zaidi ya elfu moja. Mnara wa kanisa lake ungali umesimama peke yake hata leo. Mfilipino aliyeitazama picha ile hakuhitaji kuambiwa moshi ule ni wa nini. Wanavijiji wale wanapanda chini ya kitu kilichokwisha kuua, nacho bado kinapumua. Kama huo ni usingizi, basi mimi sijui kukesha ni nini.

Liko shtaka jingine lililo zito zaidi, nami sitakuficha. Katika Luzon ya kati, miaka ileile, mkulima asiye na ardhi alimpa mwenye ardhi nusu ya mavuno au zaidi, na deni likabaki shingoni mwake. Wengi walishika silaha wakapigana na serikali tangu 1946 hata ilipofika 1954. Katika mashamba ya Amorsolo humwoni mwenye ardhi, wala huoni daftari la madeni. Tena tajiri Enrique Zóbel de Ayala ndiye aliyemgharimia masomo yake ya Hispania mwaka 1919. Mtu akiniambia kwamba wenye mali walizipenda picha hizi kwa sababu hazikuwauliza neno, sina la kumjibu. Pengo lipo.

Walakini pengo si uongo. Jua lile laangaza kweli, mavazi yale yalivaliwa kweli, na desturi ya kupanda mpunga huku gita likipigwa kando ya shamba haikubuniwa na Amorsolo. Victorio Edades, mchoraji mwenzake, alichoshwa na utamu wa picha za namna hii, lakini hakuishia kulaumu. Mwaka 1928 alionyesha wajenzi wake wenye miili iliyopindika kwa kazi, katika rangi nzito za udongo. Hilo ndilo jibu la haki: picha hujibiwa kwa picha.

Katika uzee wake Amorsolo alishikwa na maumivu ya viungo mikononi na mtoto wa jicho machoni, naye akaendelea kuchora. Alifariki tarehe 24 Aprili 1972, na mwaka uo huo nchi yake ikamtangaza kuwa Msanii wa Taifa wa kwanza. Washtaki hawakunyamaza hata hapo, wala sioni kwa nini wanyamaze. Ila wakija kwako, waambie walete picha zote mbili, ile ya kofia na ile ya mpunga; wasije na moja.